Nguo Chache, Joto la Kutosha
Somo kwa wamama wanaoleta watoto kupima kilo, wakati wa miezi ya baridi



Mvua imekwisha. Majani yamekauka, mavumbi yanapanda njiani, na asubuhi maji ya bido yanauma mikono. Miezi ya baridi imefika. Katika miezi hii, tunapopima watoto kilo, tunaona mambo mawili ambayo yanatusikitisha. Jambo la kwanza: watoto wadogo wanafika na miguu ya baridi kama jiwe, hata kama mama yao anawapenda sana. Jambo la pili: wamama wengi wanasema, «Munganga, nguo za baridi ni za bei. Sisi hatuna feza.»

Somo hili linajibu neno hilo. Tunataka kuonyesha kwamba jamaa yenye feza kidogo inaweza kupita miezi ya baridi vizuri, kama mama anajua nguo gani zinahitajiwa, nani avalishwe kwanza, na namna gani ya kuvaa nguo moja juu ya ingine.

1. BARIDI YETU NI YA NAMNA GANI?

Watu wa nchi ingine wanafikiri kwamba Kongo yote ni joto tupu. Sisi tunaokaa Haut-Katanga na Lualaba tunajua si hivyo. Mji wa Lubumbashi uko juu, kupita metre 1.200 toka bahari. Kolwezi iko juu zaidi, na Kundelungu inapita tena. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa nane hakuna mawingu mengi. Mchana jua linapasha udongo joto, lakini usiku joto lote linapanda juu na kupotea, kwa sababu hakuna mawingu ya kulifunika. Ndiyo maana usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digri 10, na kisha mchana joto linapita digri 20.

Basi ona: katika siku moja tu tuna baridi kali, joto, na tena baridi. Ni kwa sababu hiyo nguo moja nzito haifai kwetu. Tunahitaji nguo ambazo tunaweza kuongeza na kupunguza.

2. MAZUNGUMZO KWENYE BENCHI

Mama mmoja alifika asubuhi na mtoto wa miaka miwili. Mtoto alivaa koti kubwa sana, nzuri, ya manyoya ndani. Chini ya koti alikuwa na singleti moja tu. Kichwa wazi. Miguuni, kambambili.

Munganga akamwuliza: «Mama, mutoto analala muzuri?»

«Hapana, Munganga. Usiku anakohoa. Lakini miye sijue juu ya nini. Angalia ile koti! Nilitosha falanga yote ya mwezi juu ya ile koti.»

«Koti ni nzuri, mama. Sasa niambie: mchana anafanya namna gani?»

«Mchana anasikia moto, anatoka jasho. Anaitupa chini, anacheza na singleti.»

«Na singleti iko namna gani?»

Mama akafikiri kidogo. «Iko maji-maji, juu ya jasho.»

«Na mangaribi?»

«Mangaribi ninamurudishia koti. Lakini kama nilifula koti, haikauke. Inakaa siku mbili, tatu kwenye kamba. Zile siku hana kitu.»

Nkambo mmoja aliyekaa kando akacheka kwa upole, akasema: «Mwanangu, ulinunua nyumba ya bati moja kubwa, hauna mulango hauna dirisha. Mutoto wako anahitaji malango ya kufungua na kufunga.»

Nkambo alisema kweli. Mama yule hakukosa mapendo, na hakukosa feza kabisa. Feza ya koti ile ingeweza kununua nguo nne au tano ndogo sokoni. Munganga alimfundisha maneno tunayoandika hapa. Pia alimpima mtoto pumzi, kwa sababu kikohozi kinahitaji kuangaliwa, hakiponi kwa nguo. Tutasema juu ya jambo hilo mwishoni.

3. NGUO HAILETI JOTO, INALILINDA

Tazama kuku asubuhi ya baridi. Anafanya nini? Anavimbisha manyoya yake, anakuwa kama mpira. Hakuwasha moto. Anashika hewa katikati ya manyoya, na hewa ile inazuia joto la mwili wake lisitoke.

Nguo inafanya kazi ile ile. Joto linatoka ndani ya mwili wetu, kwa chakula tunachokula. Nguo inalinda tu joto lile. Nguo mbili nyepesi, moja juu ya ingine, zinashika hewa katikati, na mara nyingi zinapita nguo moja nzito.

Lakini hewa ile lazima iwe kavu. Nguo yenye maji inaondoa joto mwilini mbio sana. Kwa hiyo shika sheria hii: mtoto mkavu kwanza, ndipo mtoto aliyevaa sana. Kitambaa cha mkojo kilicholowa kinaweza kuharibu kazi ya bulangeti tatu.

4. NGUO TATU ZA KUSHIRIKIANA

Kila mtu wa nyumba, mkubwa au mdogo, afikiriwe kwa nguo tatu:

Nguo ya ndani. Ni singleti au shimishi ya pamba, inayogusa ngozi. Kazi yake ni kunywa jasho na kuwa kavu. Inafaa kila mtu awe nazo mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba.

Nguo ya kati. Ni trikoti, ile wengine wanaita sweta. Hii ndiyo inashika joto. Kama unapata trikoti ya lene ya kweli, yaani manyoya ya kondoo, chukua hiyo, kwa sababu lene inalinda joto hata ikishika unyevu kidogo.

Nguo ya juu. Kazi yake ni kuzuia upepo. Haihitaji kuwa nzito. Koti jepesi la kitambaa kilichofumwa sana linatosha. Kwa mama, kikwembe kizito kilichofungwa mabegani kinafanya kazi hiyo bila feza ingine.

Mapema asubuhi, mtoto anavaa zote tatu. Jua likipanda, toa ya juu. Jua likiwa kali, toa na trikoti. Abaki na nguo ya ndani. Kama alitoka jasho akicheza, badilisha nguo ya ndani mbele ya jua kushuka. Kisha rudisha trikoti, na baadaye nguo ya juu. Usingoje mpaka mtoto aanze kutetemeka.

Tena, usisahau kichwa na miguu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kupita kichwa chetu, ukilinganisha na mwili wake. Joto nyingi linatoka pale. Kofia ndogo na shoseti ni vitu vya bei kidogo, na vinasaidia kupita koti la bei.

5. MTOTO MCHANGA: NGUO YA KWANZA NI MWILI WA MAMA

Mtoto aliyezaliwa juzi hajui kutetemeka kama sisi. Anapoteza joto mbio sana, hasa kama alizaliwa mbele ya wakati au na kilo kidogo. Mtoto mzima mwenye afya ana joto la digri 36,5 mpaka 37,5. Akishuka chini ya 36,5 baridi imeanza kumshika. Mtoto aliyeshikwa na baridi anaacha kunyonya, analala sana, anapungukiwa nguvu, na anaweza kufa kimya-kimya, bila kulia.

Basi fanya hivi:

Akizaliwa, apanguswe mara moja, awe mkavu, na kitambaa kile cha maji kitupwe kando. Awekwe uchi juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe. Avae kofia.

Usimwogeshe siku ile ile. Ngoja saa 24. Bibi na shangazi wakisema ni mchafu, waambie kwa heshima kwamba munganga ameomba wangoje. Mafuta meupe yaliyo juu ya ngozi yake si uchafu, yanamlinda.

Siku zinazofuata, mwogeshe wakati wa jua, kwa maji ya vuguvugu, mahali pasipo na upepo, na uwe umetayarisha nguo kavu kando yako.

Mwongezee nguo moja kupita zile wewe unazovaa. Kama wewe unasikia vizuri na nguo mbili, yeye avae tatu.

Kwa mtoto wa kilo kidogo kuna njia nzuri sana. Katika mwaka 1978, mjini Bogotá, inchi ya Kolombia, munganga Edgar Rey Sanabria hakuwa na mashini za kutosha za kupasha watoto joto. Alianza kuwafunga watoto wadogo kwenye kifua cha mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Leo njia hiyo inafuatwa katika inchi nyingi, hata pale mashini zinapatikana. Inaomba kikwembe kimoja, kofia moja, shoseti, na mama. Mama akichoka, baba naye ana kifua. Hata nkambo anaweza kusaidia.

Namna ya kupima bila termometre: gusa nyayo za mtoto, kisha tumbo lake, kwa mkono wako wenye joto. Nyayo joto na tumbo joto: ni vizuri. Nyayo baridi lakini tumbo joto: baridi imeanza, mweke kifuani sasa hivi, mnyonyeshe, ongeza nguo. Nyayo baridi na tumbo baridi: ni hatari. Mweke kifuani, mfunike, mnyonyeshe kama anaweza, na njoo hospitali bila kungoja asubuhi.

Lakini usipitishe kipimo. Mtoto anayetoka jasho shingoni, mwekundu, mwenye kulia-lia, amefungwa kupita. Mpunguzie. Wala usimfunike uso hata mara moja, wala mgongoni, wala kitandani.

6. MBELE YA KWENDA SOKONI, HESABU NYUMBANI

Wamama wengi wanaanza kwa soko. Sisi tunasema, anza kwa mukeka. Siku moja ya jua, toa nguo zote za nyumba na uzitandike chini. Fanya mafungu matatu.

Fungu la kwanza: zile zinazofaa namna zilivyo.

Fungu la pili: zile zinazoomba sindano. Kifungo kilianguka, mkono ulipasuka, suruali ni ndefu.

Fungu la tatu: zile zisizovaliwa tena. Usizitupe! Trikoti kuukuu ya baba inaweza kuvalisha watoto wawili. Kata mikono yake miwili: kila mkono unakuwa mguu mmoja wa suruali ya mtoto anayetambaa. Ushone katikati, utie mpira kiunoni. Mwili wa trikoti unatoa gile ya mtoto wa miaka mitatu. Kipande kinachobaki kinatoa kofia. Kama trikoti imefumwa kwa uzi mmoja, unaweza kuifumua, kufula uzi, na kufuma shoseti mpya.

Bulangeti lililopasuka katikati, likate mara mbili, geuza, ushone kando kwa kando. Pale palipochakaa pataenda mwishoni, na pazuri patafika katikati.

Ukimaliza, utajua kweli ni kitu gani kinakosa. Mara nyingi ni vitu vichache kupita ulivyofikiri.

7. KAMA UNAWEZA KUNUNUA VITU VITANO TU

Tuseme nyumba ina baba, mama, mtoto wa masomo, mtoto wa miaka miwili, na mtoto wa ziwa. Tuseme feza inatosha vitu vitano vya tombola. Sisi tungefuata njia hii:

Kitu cha 1: kofia na shoseti za mtoto wa ziwa. Yeye ndiye mdhaifu kupita wote.

Kitu cha 2: trikoti ya mtoto wa miaka miwili. Nunua iliyo kubwa kidogo, ukunje mikono. Itamfaa mwaka huu na mwaka kesho, kisha itapita kwa mdogo wake.

Kitu cha 3: trikoti ya mama, yenye vifungo mbele. Vifungo mbele vinakuruhusu kunyonyesha usiku bila kuvua nguo, na unaweza kumfunga mtoto ndani yake, kifuani. Nguo moja inavalisha watu wawili.

Kitu cha 4: trikoti ya mtoto wa masomo. Chagua rangi ya bluu ya giza. Kwa nini? Kwa sababu watoto wetu wanavaa shimishi nyeupe na bluu kwenye masomo. Trikoti ya bluu itaenda masomo, itaenda kanisani, itaenda sokoni, na haionyeshi uchafu mbio. Trikoti yenye picha na rangi nyingi inaweza kukatazwa masomoni, na hapo utanunua mara mbili.

Kitu cha 5: bulangeti moja kubwa ambalo watu wawili au watatu wanaweza kulala ndani yake.

Baba yuko wapi? Baba avae shimishi mbili na koti lake la zamani lililoshonwa. Tumesikia wababa wakinung'unika. Lakini baba mwenye hekima akiona mtoto wake analala bila kutetemeka, atakubali. Kama baba ni mlinzi wa usiku au anatoka na kinga mapema sana kwenda kazini, basi yeye naye ahesabiwe pamoja na wanaohitaji mbele.

Na usisahau chini. Baridi inapanda pia kutoka udongo. Anayelala juu ya mukeka peke yake, hata akifunikwa, joto lake linaingia udongoni. Weka makartoni makavu, magunia yaliyofuliwa, au majani makavu ndani ya gunia, chini ya mukeka. Hiyo haiombi hata falanga moja.

8. NAMNA YA KUCHAGUA TOMBOLA

Nunua mbele ya wakati. Mwezi wa saba kila mtu anatafuta trikoti, na muuzaji anajua hivyo. Mwezi wa pili au wa tatu, wakati wa mvua, trikoti ziko chini ya fungu na hakuna anayeziangalia. Weka feza kidogo kila juma, ununue kitu kimoja kimoja.

Inua nguo mbele ya jua. Ukiona matundu madogo-madogo, wadudu waliila. Vuta mishono ya kwapa na ya mabega. Fungua na kufunga vifungo na zipu. Mnuse: harufu ya uvundo inatoka mbio ikifuliwa, lakini kitambaa kilichooza hakitengenezeki.

Angalia nguo za manyoya ya plastiki zenye kung'aa. Zina joto, ndiyo. Lakini zinashika moto mbio, zinayeyuka na kugandamana na ngozi. Mtoto aliyezivaa asikaribie mbabula. Nguo za mtoto zisiwe na kamba ndefu shingoni.

Usivalishe nguo ya tombola siku ile ile. Ndani yake panaweza kuwa chawa au wadudu wa upele. Ifule kwa sabuni na maji ya moto, anika kwenye jua, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono, kwa sababu chawa wanajificha pale. Nguo isiyoweza kupata maji ya moto, ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki majuma mawili mbele ya kufuliwa.

Tena, usianike nguo chini, juu ya majani. Kuna nzi anayetaga mayai juu ya nguo yenye unyevu, na mdudu wake anaingia ndani ya ngozi kama jipu. Anika juu ya kamba, na upige pasi. Vitambaa vya mtoto mchanga vipigwe pasi siku zote.

9. HATARI YA MBABULA NDANI YA NYUMBA

Sasa tunafika kwa jambo kubwa. Kila mwaka, usiku wa baridi, kuna watu wanaoingiza mbabula ya makala ndani ya chumba, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Asubuhi majirani wanabisha hodi, hakuna anayejibu.

Makala yanapowaka yanatoa hewa ya sumu. Hewa ile haina rangi, haina harufu, haichomi macho kama moshi. Kwa hiyo watu wanafikiri makala mekundu yasiyo na moshi hayana hatari. Ni uongo. Hewa ile inaingia ndani ya damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Mtu anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, na haamki tena.

Usilale na mbabula ndani ya chumba, hata kama inaonekana kuwa imezimika. Kama unapasha nyumba joto jioni, fungua mlango na dirisha, weka watoto mbali wasiungue, na toa mbabula nje mbele ya kulala. Ukikuta mtu amelegea ndani ya chumba cha mbabula, fungua mlango na madirisha yote, mvute nje penye hewa, kisha mlete hospitali mbio.

Unaona sasa juu ya nini tunasema sana juu ya trikoti na bulangeti? Nyumba iliyovaa vizuri haihitaji kulala na moto. Feza ya makala ya usiku kumi inaweza kusaidia kununua nguo itakayolinda mtoto miaka mitatu.

10. KUTUNZA NGUO WAKATI BARIDI IMEKWISHA

Mvua ikikaribia, fula nguo zote za baridi, zikauke kabisa, zishone, zikunje ndani ya mfuko safi uliofungwa vizuri. Nguo iliyowekwa na uchafu au unyevu inaliwa na wadudu na kuoza.

Wengi wanatia ndani ya sanduku yale mawe meupe yenye harufu kali, yanayoitwa naftalini. Kuwa na ujihadhari! Usiyatie pamoja na nguo za mtoto mchanga. Kuna watoto waliozaliwa na damu ambayo naftalini inaiharibu. Macho na ngozi vinakuwa manjano, na mtoto anaweza kufa au kubaki na kilema cha ubongo. Huwezi kujua kwa kumwangalia kama mtoto wako ni mmoja wao. Kama bulangeti lilikaa na naftalini, mtoto mchanga asilitumie. Vilevile usimwachie mtoto anayetambaa mawe hayo, atafikiri ni bonbon.

Na katika miezi ya baridi, usiondoe musikitere. Embe wanapungua, lakini hawaishi, na homa ya malaria haingoji mvua.

11. NGUO SI DAWA

Mtoto aliyevaa vizuri anaweza kupata kikohozi pia, kwa sababu magonjwa ya pumzi yanatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hasa tunapolala wengi katika chumba kilichofungwa. Chanjo, ziwa la mama, na chakula kizuri vinamlinda pamoja na nguo. Akikohoa, mfunue kifua wakati ametulia, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Mlete hospitali kama anapumua:

mara 60 au zaidi, kama hajatimiza miezi 2;
mara 50 au zaidi, kama ana miezi 2 mpaka 11;
mara 40 au zaidi, kama ana mwaka 1 mpaka miaka 5.

Mlete mbio, hata usiku, kama kifua kinaingia ndani chini ya mbavu akivuta pumzi, kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amelegea au ana kifafa, au kama ni mchanga na mwili wake ni baridi. Na kama ana homa kali, usimfunge bulangeti juu ya bulangeti eti «atoke jasho». Mvalishe nguo nyepesi, mnyonyeshe, na umlete.

12. MWISHO WA YULE MAMA

Mama wa koti alirudi mwezi uliofuata kupima kilo. Alikuwa ameuza koti kwa jirani. Mtoto alivaa singleti kavu, trikoti ya kijani iliyokunjwa mikono, na kofia iliyotoka kwa mkono wa trikoti ya baba yake. Miguuni, shoseti mbili za rangi mbalimbali.

Akasema kwa haya: «Munganga, samahani, shoseti hazifanane.»

Munganga akagusa nyayo za mtoto. Zilikuwa joto.

«Mama,» akasema, «miguu haiulize rangi.»

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini nguo mbili nyepesi zinaweza kupita koti moja kubwa katika inchi yetu?
2. Unagusa wapi kujua kama mtoto mchanga ameshikwa na baridi? Utafanya nini?
3. Kama una feza ya vitu viwili tu, utaanza na nani nyumbani mwako?
4. Kwa nini makala yasiyo na moshi yanaweza kuua?
5. Nguo ya tombola ifanyiwe nini mbele ya kuvaliwa?
6. Sema alama tatu za kikohozi zinazokuleta hospitali mbio.

Kazi ya nyumbani: juma hili, tandika nguo zote juu ya mukeka na ufanye mafungu matatu. Siku ya kupima kilo utuambie ulichokipata katika fungu la tatu. Na kama umejua kufuma, kaa kando ya mama asiyejua, umwonyeshe.